Trekta la Baba na Neno Moja la Lukafu

Jaribu kumwona anavyofika. Jua la mwezi wa tisa linaelekea kuchoka, vumbi la Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, limepanda mpaka kwenye nyusi za watu, na mama mmoja mnene kiasi anakuja kwa njia ya kando ya mashamba, beseni kichwani, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi kwa sababu mkanda wake umekatikia sokoni. Ndani ya beseni mna mafungu manne ya mboga ya lengalenga yaliyokosa mnunuzi. Hana haraka. Wanaomjua watakwambia kwamba Agnès hajapata kuonekana akikimbia. Hata mvua ikimkuta njiani, yeye huiacha itangulie.

Lakini jioni hiyo ya Jumanne alipoingia uani kwake hatua zikamwongezeka zenyewe, kwa sababu chini ya trekta la marehemu baba yake alikuwa amelala mwanamume, miguu nje, kichwa ndani.

"Weye! Unafanya nini chini ya kintu ya baba yangu?"

Mwanamume akajivuta nje, akajipangusa vumbi. Alikuwa Guelord, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye maneno mengi na meno yote.

"Mama Agnès, bonjour. Exaucée njo aliniita. Alisema iko na chuma ya kutoa."

Exaucée ni kitinda mimba wa Agnès. Alikuwa anataka kujenga chumba na sebule kabla ya ndoa yake, na katika kiwanja chote mahali palipobaki ni pale trekta liliposimama tangu injini yake ikate roho, yapata miaka thelathini iliyopita. Agnès alikuwa amekubali. Amekubali kwa mdomo, unajua jinsi mtu anavyokubali jambo la mbali.

"Mais mama," Guelord akaendelea, "hii trekta ni ya namna gani? Nyuma iko na ngoma ya kamba. Chini iko na mapanga mbili. Na ule upinde wa chuma pale kwa ukuta, uko na meno saba. Ni ya nini?"

"Siyue."

"Na hii gurudumu ya pembeni, yenye haikanyagi chini?"

"Siyue, mwanangu."

"Mama! Munaishi naye miaka makumi tano, na hamuyue kazi yake?"

"Hata bwana yangu sikumujua vizuri, na tulizala naye batoto tano."

Guelord akacheka mpaka akashika gurudumu. Kisha akasema jambo la maana. Trekta lisilo na jina ni chuma tu, atakuja kulikata siku ya posho, yaani Jumamosi. Ila likijulikana ni la namna gani, huenda kuna mtu mahali fulani analia kwa kukosa kipande chake kimoja. Kwa hiyo kwanza angemleta mzee Mwansa, fundi mstaafu wa karakana ya reli, alitazame.

"Mulete," Agnès akasema. Akaketi kwenye kizingiti cha mlango, beseni bado kichwani, amesahau kulitua.

Sasa nikuambie kilichomkalisha.

Baba yake aliitwa Rigobert Kunda. Ukoo wao ulitoka kaskazini ya Katanga, Wakatoliki wa rozari na kinanda, walioshuka kufuata kazi ya reli. Rigobert hakuipenda reli. Akiwa kijana alikwenda Lukafu, mbali mashambani, kuendesha trekta katika shamba la mzungu mmoja, na huko akamwoa binti wa mahali pale, Mumba. Agnès alizaliwa huko. Anachokumbuka ni kidogo: harufu ya nyasi zilizolala maji, sauti ya trekta ikija kabla ya baba, na mgongo wa mama yake, kwa sababu mtoto wa mgongoni mgongo ndio anaoujua kuliko uso.

Alipotimiza miaka saba shangazi alimchukua kumleta Lubumbashi, aanze shule. Hiyo ilikuwa mwezi wa tisa. Mwezi wa pili uliofuata, katikati ya mvua, ikaja habari kwamba mama yake amefariki, na alipokwisha kuambiwa alikuwa amekwisha kuzikwa siku kumi na mbili. Mwezi wa tano, asubuhi moja, akasikia ile sauti anayoijua. Akatoka mbio. Ndiyo, hapo alikimbia. Baba alikuwa ametoka Lukafu na trekta, safari ya siku nyingi, na vile vyuma vyote vimefungwa nyuma. Akashuka, akamshika mtoto kichwa. Agnès akazunguka upande wa pili wa gurudumu kubwa kumtazama mama, labda ameketi huko. Hakuwako mtu. Palikuwa na ndoo ya mafuta.

Akiwa na miaka kumi aliuliza mara ya kwanza, "Baba, mama banamuzika wapi?" Rigobert akainuka, akaenda kuangalia mafuta ya trekta. Alipouliza akiwa na kumi na tano, mafuta tena. Siku ya kuomboleza marehemu wote, familia za jirani zilipokwenda makaburini kung'oa majani na kupaka chokaa misalaba yao, Agnès naye alikwenda, akachagua kaburi lolote lililosahauliwa, akang'oa majani ya mtu asiyemjua. Amefanya hivyo kila mwaka, msichana, bibi harusi, mjane. Ukimwuliza ni nani huyo, atasema, "Ni jirani wa mama." Jirani! Na hajui mama yuko mtaa gani.

Mara ya mwisho aliuliza miaka mitano iliyopita, mzee akiwa kitandani, amebaki mifupa na macho. Chumbani alikuwako katekista Aristote na wamama wawili wa jumuiya.

"Baba, usiniache hivi. Mama banamuzika wapi?"

Rigobert, ambaye mdomoni hakubakiwa na jino hata moja, akavuta pumzi. Ikatoka sauti ndogo kama karatasi ikichanika.

"Mama yako iko ku yulu."

Ku yulu, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ni juu. Na mtu akiwa anakata roho, juu ni mbinguni tu, hakuna kwingine.

"Amina!" akasema Aristote. "Iko ku yulu na bamalaika."

Mzee akatikisa kichwa. Akarudia. Wakajibu amina kwa nguvu zaidi, labda hasikii. Akainua mkono, akavikunja vidole kama makucha, akaivuta hewa kutoka juu kwenda chini, juu kwenda chini. Katekista akaona anajaribu kufanya ishara ya msalaba na nguvu hazitoshi, basi akaushika ule mkono kwa upendo, akamsaidia kuumaliza msalaba. Wamama wakaanzisha wimbo. Rigobert akageukia ukutani, na kabla ya siku kupambazuka mara ya pili akawa amekwenda.

Agnès alimlilia baba yake kama inavyostahili. Lakini chini ya kilio palikuwa na kidonda: hata siku ya mwisho, alipoulizwa mahali, amejibu mahubiri. Likabaki trekta peke yake lililotoka Lukafu, lililomwona Mumba akiwa hai. Na Jumamosi inakuja na moto wa kukatia chuma.

Mzee Mwansa alifika Alhamisi kwa baiskeli, akisukuma zaidi kuliko kupanda. Alikuwa mwembamba, mkimya, amevaa kofia ya sufu katika joto lile. Mtu wa upande wa Luapula kwa kuzaliwa, wa reli kwa miaka arobaini. Hakusalimia trekta haraka. Alisalimia kwanza watu, akanywa maji, akauliza habari ya lengalenga na bei ya mbolea, ndipo akatoa kisu kidogo mfukoni.

"Bibi mwenye sura hivi," akasema, "ameolewa mara nyingi." Akaanza kukwangua rangi kwenye boneti. Nyekundu ikatoka. Chini yake kijani. Chini ya kijani, buluu ya kale, nzito, kama sare ya watawa. Akaenda kwenye gurudumu, akakwangua katikati: rangi ya machungwa.

"Buluu na machungwa. Fordson. Ya miaka ya makumi tano. Mama, hii ni mukubwa yako."

"Tata Mwansa, usinizeeshe nayo!" Agnès akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Guelord, aliyekuwa anasikiliza kwa masikio mawili na simu moja, akauliza zile nyingine. Mzee akazitaja pole pole kama mtu anayetambulisha wakwe. Gurudumu la pembeni ni la kuvalisha mkanda mrefu: trekta linasimama, mkanda unazungusha kinu cha mahindi. Ngoma ya nyuma ni ya kuvutia kamba ya chuma. Yale mapanga mawili ya chini yanashushwa yazame ardhini, yashikilie, maana ukivuta kitu kizito bila hayo, si kitu kinachokuja, ni wewe unayekwenda.

"Alikuwa anavuta nini?" Agnès akauliza.

Mzee Mwansa alikuwa ameusogelea ule upinde ulioegemezwa ukutani. Ulikuwa umetengenezwa kwa mikono: chuma cha reli kilichopindwa motoni, mrefu kuliko mtu, na meno saba yaliyokatwa kwenye springi za lori, yameinamia ndani. Akaupima kwa shubiri. Akauzunguka. Akanung'unika.

"Si ya kulima, iko na tumbo. Si ya kung'oa visiki, meno ni mingi sana. Tundu mbili, huku na huku... kamba inaingia hapa." Akamgeukia Agnès. "Baba yako njo alitengeneza?"

"Njo yeye."

"Alikuwa fundi. Mubaya wa kusema, muzuri wa mikono."

"Mulijuana?"

"Hapana. Naona mikono."

Akaingiza kisu nyuma ya jino la nne, ambako palikuwa na udongo umeganda mgumu kama saruji. Akabandua kipande. Kilikuwa chekundu, laini, bila mchanga. Akakinusa. Kisha, usicheke, akakitia ulimini.

"Vieux, utakufa!" Guelord akapiga kelele.

"Nyamaza. Mama Agnès, onja. Weye utaijua kunishinda."

Agnès akaonja. Na kweli akaijua, maana aliila katika mimba zake zote tano, kama wamama wote wa mji huu wanavyoila. Huuzwa sokoni katika vipande vidogo karibu na chumvi. Ladha ya mvua ya kwanza.

"Ni ule udongo wa bamama wa mimba," akasema.

"Njo ule. Sasa nimejua. Hii mashini ni ya kukata kyulu."

Pale uani kuku waliendelea na mambo yao. Agnès alikuwa bado na udongo mdomoni.

"Ya kukata nini?"

"Kyulu. Njo tunasemaka Luapula mpaka Lukafu, ninyi ba mjini munasemaka kisugulu. Ile milima ya mchwa. Ku shamba ya bazungu hawakuitaka, inazuia kulima. Donc unaweka huu upinde kule mwanzo wa mlima, unashika na kamba, trekta inavuta, meno inakwangua toka juu kwenda chini. Tena juu, tena chini." Akaonyesha kwa mkono, vidole vimekunjwa kama makucha, akivuta hewa.

Agnès aliuona ule mkono. Akaona chumba, katekista, wamama wanaimba.

"Tata. Rudilia ile jina."

"Kyulu."

"Muntu akiwa pale, unasema iko wapi?"

"Iko ku kyulu. Unataka aseme nini?"

Agnès akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, kwa nguo zake za sokoni: kyulu, yulu, kinywa bila meno kilikuwa kimemeza sauti moja. Guelord akadhani udongo umemdhuru, akaanza kutafuta maji. Lakini Agnès aliinua kiganja kumzuia, akamweleza mzee kila kitu, mwezi wa pili, swali lake, jibu la baba, amina zao. Alisimulia bila kulia, kwa sauti ya mtu anayehesabu mishono.

Mzee Mwansa alivua ile kofia ya sufu.

"Mwezi wa pili, ku Lukafu," akasema. "Mwanangu, kule ni mabonde. Unachimba kaburi asubui, saa sita ni kisima. Bantu ba zamani balikuwa banazika wapi wakati wa mvua? Penye pakavu. Ku kyulu." Akaikunja ile kofia mkononi. "Baba yako hakukuficha. Alikujibu."

"Na sisi tulisema amina."

"Mulisema amina."

"Alitikisa kichwa, tata! Alitikisa kichwa, na sisi tukamushika mukono!"

Hapo ndipo alipolia. Na alipotulia mzee akaongeza jambo moja kwa sauti ya chini, kama anayelifunika asilione kuku: fikiria mtu ambaye kazi yake, kila siku ya Mungu, ni kukata vichuguu mpaka viwe sawa na shamba, naye amemlaza mke wake ndani ya kimoja. Bosi anataka shamba lote liwe tambarare. Mtu huyo atafanya nini? Atafungasha vyuma vyake, ataondoka navyo vyote, upinde na kamba na ngoma, ili asibaki navyo mtu mwingine wa kumaliza kazi.

Jumamosi Guelord alikuja na mitungi yake ya gesi juu ya mkokoteni. Agnès alimpokea mlangoni amejifunga kitenge cha safari.

"Ngojea nirudi."

"Mama, nimeleta na moto!"

"Trekta alikaa miaka makumi tatu bila kukimbia. Atakimbia leo?"

Exaucée, aliyesimuliwa yote, hakuuliza neno kuhusu chumba na sebule. Alimtia mama yake mkate mfukoni na mshumaa mmoja, akampeleka mpaka penye magari.

Gari la kwenda Kasomeno lilimshusha njiani, pikipiki ikamwingiza mpaka Lukafu kwenyewe, na kwa kuuliza uliza nyumba hadi nyumba, shamba la zamani la mzungu, wapi, huko, si huko, akafikishwa siku ya pili yake kwa mwanamke kijana aitwaye Keren, anayelima mahindi na mume wake upande wa chini wa shamba lile. Nyasi zilikuwa zimeungua, ardhi nyeusi, na uwazi mkubwa mbele yake kama kiganja. Agnès alisimama. Chini ya harufu ya majivu kulikuwa na ile ya nyasi zilizolala maji, ileile. Alikuwa ameiweka puani miaka hamsini bila kujua.

Katika ule utambarare vilisimama vichuguu vitatu, vikubwa kama nyumba, vimeachana, kila kimoja na miti yake kichwani.

"Mama, karibu. Munatafuta nani?"

"Mama yangu."

Keren akatazama nyuma ya mgeni kama kuna mwingine. Agnès akamweleza. Keren alisikiliza, mkono shavuni, na mara mbili akasema "Eh, mama wee."

"Bazee banasemaka ule mushofere wa zamani alikata byulu yote," akasema, "akafika hapa, akakatala. Banasema alizima mashini katikati ya kazi, akapiga magoti kwa bosi. Juu ya nini, hakuna muntu anajua."

"Alikatala hizi tatu?"

Keren akashusha macho.

"Zilikuwa ine, mama."

Akanyosha kidole. Kando ya njia ilisimama nyumba mpya ya vyumba viwili, matofali mekundu ya kuchoma, yenye kupendeza, bati bado linang'aa. Nguo za mtoto mchanga zilikuwa zimeanikwa dirishani.

"Ile ya ine tulikata mwaka jana. Udongo yake ni muzuri kwa tofali."

"Mulikuta nini ndani?"

"Udongo tu." Keren alifikiri, maana alikuwa mtu mkweli. "Mais tulikata na haraka, mvua ilikuwa karibu. Mama, siwezi kukudanganya. Hakuna muntu aliangalia."

Upepo ukapita juu ya majivu. Keren akamwomba aingie ndani apumzike, ale ugali, alale kwao, nyumba ni yake. Agnès akasema asante, mwanangu, nakuja. Lakini hakwenda. Alikizunguka kichuguu cha kwanza akakigusa, akaenda cha pili, akaenda cha tatu, na kwa kila kimoja aliegemeza mgongo wake kidogo, kama mtu anayepima kitu. Kisha akarudi akasimama mbele ya ile nyumba. Ukuta ulikuwa umeshika joto la mchana, na ndani mtoto alikuwa ameanza kulia na mama yake kumbembeleza.

Jua lilikuwa limebaki kidogo. Mkononi alikuwa na mshumaa mmoja, maana mama ni mmoja. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungeuwasha wapi?